Kadi Nyekundu, Namba Mbili wa Wakati Wote

Mwezi uliopita nilirudi Ngamiani, Tanga, kuchukua vitu vya bibi kabla nyumba haijakabidhiwa kwa aliyeinunua. Havikuwa vingi. Ungo mmoja, mbuzi ya kukunia nazi, redio isiyosema, na sanduku la mbao lililojaa kanga zenye harufu ya karafuu, kwa sababu bibi alitoka Pemba akiwa mwari na harufu ile hakukubali imtoke. Nikavipanga barazani, nikakaa kusubiri gari la kuvibeba. Ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa karakana ya fundi baiskeli, siku hizi pana kijiwe cha bodaboda, na vijana wanne walikuwa wamelaza viti vya pikipiki zao kama vitanda, wanabishana. Unaujua ubishi wenyewe. Rapa mkali kuliko wote, wa wakati wote, ni nani?

Nilitabasamu kwa dharau kidogo, nakiri. Nilisoma sosholojia chuo kikuu, na kilichonibakia ni tabia ya kuuliza maswali yasiyompa mtu faida yoyote. Mkali kwa kipimo gani? Kwani nani aliyepima? Na huo wakati wote ni upi, kwa kijana aliyezaliwa juzi? Lakini nilinyamaza, mpaka mmoja wao, mwenye kofia ya pikipiki mapajani, aliposema hivi:

"Nyie wote watoto. Mzee wangu alikuwa anasema hakuna aliyewahi kuchana kama Kadi Nyekundu. Wa Temeke huyo. Kafa kabla hajatoa hata albamu moja."

"Hata mimi nimemsikia huyo," mwenzake akadakia. "Wazee wanamtaja."

Nilijikuta nimesimama. "Huyo mtu hakuwahi kuwepo," nikasema.

Wakanigeukia wote. Yule mwenye kofia akaniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani dada, wewe ulikuwa unakaa Temeke?"

"Hapana. Nilikuwa nakaa hapa. Kwenye dirisha hili."

Wakacheka, siyo kwa ubaya. "Sasa dada, mtu wa Temeke utamjulia dirishani? Una ushahidi?"

Sikuwa nao. Abiria wakaja, vijana wakatawanyika, na mimi nikabaki na ungo wa bibi mkononi. Kwa hiyo nakusimulia wewe, maana wao hawakuwa na nafasi.

Ijumaa za utotoni mwangu zilikuwa na mpangilio ambao ningeweza kuufuata nikiwa nimefumba macho. Asubuhi nakuna nazi, bibi anafukiza udi chumba hadi chumba, wanaume wanakwenda kuswali wakiwa na kanzu zilizopigwa pasi, wanarudi, wanakula wali wa nazi na mchuzi wa samaki, halafu mtaa mzima unalegea kwa shibe. Ndipo fundi baiskeli alipokuwa akifungua karakana yake. Haikuwa karakana ya kujivunia: kibanda cha mabati, ukuta uliobandikwa kurasa za magazeti ya michezo, harufu ya solusheni na raba iliyoungua. Lakini mlango wake ulikuwa wa mbao, mpana, umepakwa rangi nyeusi upande wa ndani. Akiufungua na kuulaza ukutani, mtaa mzima unasoma. Hapo, kwa chaki, yalikuwa yameandikwa majina kumi. Rapa kumi bora wa wakati wote, wa dunia nzima, kama walivyoamuliwa na wanaume wasiozidi kumi na tano wa Ngamiani.

Kulikuwa na utaratibu, na utaratibu ulikuwa mkali kuliko wa mahakama. Hukuweza kusema tu kwamba fulani apande. Ulitakiwa umtetee. Fundi alikuwa akipindua baiskeli, ikasimama kwa kiti na usukani, anashika pedeli na kulizungusha gurudumu la nyuma kwa nguvu zake zote, kisha anaachia. Vile vyuma vya katikati vinalia, tik-tik-tik-tik, na wewe unaanza kuchana mistari ya rapa wako, kwa kichwa, bila karatasi. Hunyamazi mpaka gurudumu lisimame lenyewe. Ukimaliza bila kosa, rapa wako anapanda nafasi moja. Ukiruka mstari, ukipotea, ukijing'ata ulimi, anashuka. Nimewaona watu wazima wakitokwa jasho mbele ya gurudumu. Na fundi alikuwa na baiskeli moja ya kizamani iliyopakwa grisi vizuri mno, ilizunguka kama haina mpango wa kusimama. Hiyo aliiweka kwa wale aliotaka kuwakomesha.

Mimi nilikuwa nani katika mambo hayo? Mtoto wa kike wa miaka kumi na moja, ambaye hakuruhusiwa kukaa kijiweni na wanaume. Lakini dirisha la bibi lilitazamana na mlango wa fundi, na barabara zetu za Ngamiani ni nyembamba. Nilikaa pale na bibi tukichambua mchele, na nilikuwa na daftari. Watoto wengi wa rika langu walikuwa nalo: daftari la kunakili nyimbo kutoka redioni, unaandika mstari leo, unasubiri wimbo upigwe tena kesho uandike mwingine. La kwangu lilikuwa na kurasa mia mbili na lilijaa. Isitoshe chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilikuwa nimezoea kuhifadhi. Siku moja mtu alikuwa anachana mbele ya gurudumu, akaruka mistari miwili, nami bila kufikiri nikapiga kelele kutoka dirishani, "Umeruka!" Wanaume wakageuka. Nikafungua daftari, nikasoma mistari iliyorukwa. Tangu siku hiyo fundi hakuamua jambo bila kutazama dirishani.

"Binti, kasema sawa?"

"Kasema sawa."

"Binti, hilo neno lipo?"

"Halipo. Kaliongeza mwenyewe."

Bibi alikuwa akitikisa kichwa na kuendelea kutoa mawe kwenye mchele. Hakuwapenda rapa. "Mbona yuwaenda mbio hivyo?" aliuliza kila Ijumaa. "Nani amfukuza?"

Wamarekani tu ndio walionishinda, kwa kuwa Kiingereza sikukijua. Hao walitetewa na mwalimu mwingine. Mwalimu alifundisha sekondari na alipanga chumba cha uani kwetu. Alikuwa mtu wa shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni hata Ijumaa. Alichana Kiingereza kwa kujiamini sana, mikono ikipanda na kushuka, na hapakuwa na mtu wa kumwambia amekosea. Mmarekani mmoja aliyekwisha kufa alikaa namba moja miaka yote kwa sababu hiyo. Leo nikifikiria, sina hakika kama mwalimu aliwahi kusema hata mstari mmoja kama ulivyokuwa. Lakini yeye ndiye aliyekwenda Dar es Salaam kila likizo, na akirudi alituletea habari: nani katoa nini, nani kagombana na nani. Wengine walisikia muziki redioni. Mwalimu alikuwa ametoka kuuona.

Sasa kulikuwa na kijana muuza machungwa. Alikaa na mama yake, Mdigo, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikwenda Muheza kwa baiskeli, akarudi na matenga mawili ya machungwa yamefungwa nyuma, na alfajiri kabla ya kutoka kuyauza aliyaosha kwenye bomba lililokuwa uchochoroni, nyuma ya ukuta wa uani kwetu. Saa hizo mimi nilikuwa uani nikisugua masufuria kwa majivu. Maji yanachuruzika, machungwa yanagongana kwenye beseni, na yeye anachana. Siyo nyimbo za redioni. Hizo ningezijua. Alikuwa anazitunga pale pale. Anasema mstari, anaurudia, anabadilisha neno, anaguna, anaanza upya. Kuna asubuhi alikuwa anatafuta mwisho wa mstari mpaka mimi nikamaliza masufuria yote na yeye bado anazunguka na neno moja. Nilikaa kimya nikisubiri alipate. Alipolipata alicheka peke yake, na mimi nikacheka upande wangu wa ukuta.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mimi."

"Wa dirishani? Kaa ukijua, huku hakuna kusahihishana."

Ndivyo tulivyokuwa. Sikumwona uso zaidi ya mara chache, lakini kila alfajiri nilikuwa msikilizaji wake, na baadaye akawa ananiuliza juu ya ukuta, "Huu umekaaje?" Nami nikamwambia umekaa vizuri au haujakaa. Kwa bibi sikulitaja jambo hilo. Msichana anayezungumza na kijana juu ya ukuta kabla jua halijatoka, hata kama mazungumzo yenyewe ni vina, alikuwa na jina lake mtaani, na jina hilo halifutiki.

Beti moja nilikuwa naipenda kuliko zote. Nimebakiwa na mistari minne tu:

Natoka Muheza na tenga, mgongo umekuwa daraja,
Nabeba utamu wa wengine, mimi nabaki na haja,
Mnanunua langu chungwa, jina langu hamlitaji,
Mkishiba mnatupa ganda, na ganda ndilo mbebaji.

Unaweza kusema ni mistari ya kawaida. Inawezekana. Nimeikagua mara nyingi sana kiasi kwamba sijui tena. Najua tu kwamba mbele ya masufuria yale, nikiwa na miaka kumi na moja, nilisikia mtu akisema jambo ambalo hakuna mtu kwenye ule mlango aliyewahi kulisema kutuhusu sisi.

Alianza kwenda kwa fundi Ijumaa kama wengine. Wakamkaribisha kwa utani wao. "Mbeba matenga kaja, jamani, nani anataka chungwa?" Akaomba gurudumu. Fundi akamuuliza anamtetea nani. Akasita. Nilimwona kutoka dirishani: macho yake yalizunguka ukutani, yakatua kwenye ukurasa wa gazeti wenye picha ya mwamuzi aliyeinua mkono. "Kadi Nyekundu," akasema. "Wa Temeke. Bado hajapigwa redioni."

Fundi akazungusha. Na kijana yule akachana beti yake mwenyewe, ila pale penye Muheza akatia Buguruni. Natoka Buguruni na tenga. Alikuwa ameliona tatizo, kwamba rapa wa Dar hawezi kutoka Muheza, akalitatua kwa soko la matunda la hukohuko. Kijiwe kikanyamaza. Nilikuwa sijawahi kukiona kikinyamaza. Gurudumu likasimama na mtu mmoja akasema, "Aisee," kwa sauti ndogo.

"Binti, unaye huyo?" fundi akaniuliza.

"Sinaye," nikasema. Na ilikuwa kweli, kwenye daftari hakuwemo. Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Niliiona ni siri yetu wawili, mchezo mtamu kuliko yote.

Kisha mwalimu akakohoa. "Aa, Kadi Nyekundu," akasema. "Huyo namjua. Nimemwona kwa macho yangu likizo iliyopita. Mfupi hivi, mweusi, anavaa miwani."

Naomba utulie hapo kidogo, kama mimi ninavyotulia kila nikifika. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alinifundisha hesabu jioni bila kumdai bibi chochote. Lakini alikuwa ameshika nafasi moja tu pale kijiweni, ya mtu anayejua ya Dar, na ghafla mbeba matenga alikuwa amemletea rapa wa Dar asiyemjua. Angefanya nini? Aliongopa neno moja dogo. Nadhani hata yeye alidhani litapita.

Halikupita. Kadi Nyekundu akaingia mlangoni namba kumi. Ijumaa iliyofuata muuza machungwa akaja na beti nyingine, akapanda tisa. Wiki kwa wiki akapanda. Wanaume wazima wakaanza kuzikariri beti zile na kuzichana wakiwa juu ya baiskeli zao. Mwalimu akaongeza habari: Kadi Nyekundu kafiwa na mama, Kadi Nyekundu kagoma kurekodi kwa sababu studio zinanyonya wasanii, Kadi Nyekundu anaumwa kifua. Kila alfajiri, nyuma ya ukuta, mwenye Kadi Nyekundu aliniambia mambo hayo akicheka mpaka machungwa yanamponyoka. "Leo nimefiwa na mama," alisema. "Na mama yupo pale anakaanga bajia." Mpaka alipofika namba mbili, akaacha kucheka.

"Unajua," aliniambia asubuhi moja, "wanamsifu mtu mfupi mwenye miwani."

Nikaendelea kusugua.

Ijumaa ya mwisho watu walijaa. Ilikuwa siku ya kumpandisha Kadi Nyekundu namba moja, kumng'oa Mmarekani, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyeomba kusema kwanza. Alizungumza vizuri. Alisema tusijidanganye, kipaji kama kile hutoka mahali penye watu, penye studio, penye mambo. "Hapa kwetu Tanga," alisema, "tuna watu wazuri, watu wa dini, watu wa mpira. Lakini mtu wa namna hii hatuna, na hatutakuwa naye."

Muuza machungwa alikuwa amesimama tayari karibu na gurudumu. Akasema, "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Hakuna Kadi Nyekundu. Beti zote zangu. Niandikeni jina langu. Namba moja sitaki, niandikeni hata kumi. Lakini jina langu."

Kicheko kilichopigwa pale nakisikia hadi leo. Akasubiri kiishe, akaeleza. Akasema beti ya kwanza kabisa ilikuwa inasema Muheza, yeye ndiye aliyetia Buguruni ili wamkubali. Akaichana vile ilivyokuwa. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu jambo alilodhani ndilo litakalomwokoa liligeuka.

"Sikieni huyu!" mmoja akapayuka. "Kaibomoa beti ya watu! Ametoa Buguruni ya mwenyewe katia Muheza yake!"

"Mwizi wa mistari!"

"Fundi, huyu kaiba mchana kweupe!"

Mwalimu alikuwa amekunja uso. Sijui kama aliogopa au aliamini; nimeliuliza swali hilo miaka mingi. "Kijana," akasema taratibu, "mimi nimemwona huyo bwana. Unataka kusema mimi mwongo?"

Hakuna aliyetaka kusema hivyo. Fundi, ambaye kwa kweli alikuwa mtu wa haki, akapindua ile baiskeli ya grisi. "Basi sawa. Tunga sasa hivi. Kipya." Akazungusha. Tik-tik-tik-tik. Kijana akafungua mdomo. Mtu aliyezoea kuzunguka na neno moja mpaka masufuria yaishe, ukimwambia atunge huku watu kumi na tano wanamzomea, utapata nini? Alianza mstari, ukakatika. Akaanza mwingine, sauti ikatetemeka. Halafu akawa anasimama tu, na gurudumu linaendelea, linaendelea, na kila mtu anasikia kimya chake.

Kabla halijasimama aliinua uso akatazama dirishani. "Muulizeni binti," akasema. "Yeye hunisikia."

Wanaume wote wakageuka. Bibi naye akaacha mchele.

"Humsikia wapi?" bibi akauliza, akinitazama mimi, siyo yeye.

"Binti," akasema fundi, "neno lako ndilo la mwisho. Umewahi kumsikia akizitunga hizi beti?"

Nimejaribu kwa miaka kuupamba ule muda. Chuo kikuu nilijifunza maneno mazuri ya kuufunikia. Kwamba nilikuwa mtoto, kwamba jamii ilikuwa imeniwekea mipaka, kwamba sikuwa na uhuru wa kusema. Yote kweli, na yote hayasaidii. Nilimwona bibi ananitazama, nikaona uchochoro, ukuta, alfajiri, na jina nitakalopewa. Nilimwona mwalimu, ambaye jioni ile alikuwa anifundishe sehemu na desimali. Nikasema, "Sijawahi kumsikia."

Fundi akachukua kitambaa, akajifuta mikono. Akatangaza kwamba kijana yule hatashika zamu ya gurudumu tena. Kadi Nyekundu akabaki namba mbili, kwa kuwa mtetezi wake alikuwa mwizi na beti zake haziwezi kuhesabiwa siku hiyo. Ndivyo walivyoamua, na walidhani wameamua kwa uangalifu. Walikuwa wamemtia mtu hatiani kwa kumwibia mtu asiyekuwepo.

Alfajiri ya siku iliyofuata niliwahi uani. Maji yalichuruzika, machungwa yaligongana, na hapakuwa na sauti nyingine. Nilimsemesha juu ya ukuta. Hakujibu. Baada ya siku chache hata maji hayakusikika. Alikuwa anaosha machungwa yake kwingine. Mtaani walimtungia mchezo. Akipita na baiskeli, wanaume walisimama wakainua mkono juu kama waamuzi wa mpira, wakipiga kelele, "Kadi!" Watoto nao wakaiga. Alianza kuzungukia Nguvumali ili asipite kwetu. Kabla mwaka haujaisha alihamia Muheza moja kwa moja, na mama yake akamfuata.

Mwalimu alihamishwa shule. Kabla hajaondoka alituletea habari ya mwisho, kwamba Kadi Nyekundu amefariki, kifua kimemzidi. Fundi alifuta chaki, akaliandika jina upya kwa rangi nyeupe ya mafuta ili lisifutike. Ndiye rapa pekee aliyepata heshima hiyo. Baadaye fundi naye akafa, kibanda kikavunjwa, mlango sijui ulikwenda kuwa kuni za nani. Daftari langu lililiwa na mchwa nikiwa bwenini. Na bibi, mwaka wake wa mwisho, tukiwa tumekaa dirishani bila mchele wa kuchambua, aliniambia jambo bila kuulizwa.

"Yule kijana wa machungwa alikuwa na maneno mazuri," alisema. "Kila alfajiri nikimsikia pale bombani, mimi niko msalani natia udhu. Nikasema, huyu angalau haendi mbio."

Nilimuuliza kwa nini siku ile hakusema.

"Hawakuniuliza mimi," akajibu. "Walikuuliza wewe. Nikasubiri useme."

Kwa hiyo unaelewa kwa nini wale vijana wa bodaboda waliponiuliza kama nina ushahidi sikuweza kupanda gari na vitu vya bibi nikaenda zangu. Kesho yake nilikwenda Muheza. Haikuwa kazi kumpata. Ana meza ya matunda jirani na wanaposimama mabasi, amenenepa kidogo, ana mvi ndevuni. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mimi ni mjukuu wa marehemu bibi wa Kipemba wa Ngamiani, wa dirishani. Akaitikia marahaba, akanipa pole ya msiba, akanisogezea kigoda. Alikuwa mpole kabisa. Upole huo ndio ulionitisha.

Nikamweleza kwamba watu bado wanamtaja Kadi Nyekundu, watoto waliozaliwa baada yake. Nikamwambia nataka kuliweka sawa. Beti moja tu, kwa sauti yake, inatosha. Nikatoa simu, nikamwomba ruhusa ya kurekodi. Akainua mabega, maana yake fanya upendavyo. Nikabonyeza. Nikamwanzishia mimi mwenyewe, kumsaidia.

"Natoka Muheza na tenga, mgongo umekuwa daraja..."

"Buguruni," akasema.

"Nini?"

"Umekosea. Siyo Muheza. Natoka Buguruni. Hiyo ni ya yule jamaa wa Dar. Mimi nilikuwa naikariri tu kama wenzangu."

"Kaka, nilikuwa nakusikia. Nyuma ya ukuta. Kila siku."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, wala sikuona kejeli, na nilitafuta vyote viwili. "Hukunisikia, mdogo wangu," akasema. "Ulisema mwenyewe."

Akaja mteja, akainuka kumpimia mapapai.

Nimejaribu kukumbuka beti nyingine. Alikuwa nazo nyingi, pengine mia, na mimi nilizisikia zote zikizaliwa neno kwa neno, mimi ambaye mtaa mzima uliniamini kwa kumbukumbu. Nina mistari minne. Ngamiani ya siku hizi haina anayeweza kunisahihisha. Waliokuwa pale wamekufa au wamehama, na waliobaki wanamkumbuka mtu mfupi mwenye miwani. Wengine wananieleza hata miwani yenyewe ilivyokuwa.

Vijana wa bodaboda walitaka ushahidi, na sasa ninao. Ni sekunde arobaini na tatu kwenye simu yangu. Ndani yake kuna sauti ya mtu akisema kwa utulivu kwamba beti si zake, na sauti ya mwanamke anayetaka kumbishia kisha ananyamaza. Ndiyo rekodi pekee ya sauti yake iliyopo duniani. Nikiwapelekea, watasema nimethibitisha walichokuwa wanasema wao, na kwa kila kipimo nilichofundishwa chuo kikuu, watakuwa sahihi.